Watu wa Kijivu

Asubuhi ile Fundi Kelele hakukaa. Chai aliinywa amesimama, viatu alivivaa huku anatembea, na duka lake la kutengenezea redio alilifunga kabla hajalifungua sawasawa. Mteja aliyekuja amekumbatia spika kama mtoto mgonjwa aliambiwa arudi kesho, leo kuna kazi ya ukoo. Begani Kelele alikuwa amening'iniza Kijivu, na mtu yeyote wa mtaa ule aliyemwona na Kijivu siku isiyo Jumapili alijua kuna mahali pameharibika.

Kijivu ni mashine ya kusaka metali ardhini. Fimbo ya alumini, sahani ya duara upande wa chini, kisanduku cha rangi ya majivu upande wa juu, swichi tatu za kuzungusha na tundu la hedifoni. Haina kioo. Haina namba. Inanung'unika, inaimba au inanyamaza, na kusoma ni kazi ya masikio yako. Kampuni iliyoiunda iliacha kuitengeneza zamani, ikatangaza kwa sentensi moja kavu kwamba bidhaa hiyo imefika mwisho wa maisha yake, kana kwamba ilikuwa ikiiuguza. Kelele aliikumbuka sentensi ile neno kwa neno, kama alivyoikumbuka nyingine iliyobandikwa kwenye geti la kiwanda cha redio alikofanya kazi ujanani, siku walipokuta minyororo mlangoni na makoti yao ya kazi bado yakiwa ndani. Alisema ni maneno yale yale. Mwenye mali akichoka na kitu, hukisingizia kitu ndicho kilichochoka.

Basi wenye Kijivu wakabaki nazo, na kadiri zilivyozidi kuadimika ndivyo walivyozidi kuzing'ang'ania. Kila Jumapili walikutana kwenye uwanja wa mpira uliotelekezwa, magoli yake yameibwa hata mashimo yake yamefukiwa, wakapekua sarafu, pete, vifungo vya shaba na funguo zisizo na milango. Aliyepata na aliyekosa wote walimalizia kwenye jambo lililowaleta hasa, yaani ubishi.

"Mimi hii ningeioa," Kinyozi alipenda kusema, akiipangusa sahani ya Kijivu yake kwa taulo lile lile la wateja. "Haina maneno mengi, na ikisema imesema."

"Mkeo anajua?" Nesi akauliza. Alikuwa mstaafu wa wodi ya wazazi, mwenye sauti ya chini na mkono mzito.

"Yeye ndiye aliyenishauri. Anasema labda hapo ningejifunza kusikiliza."

Nesi hakuwa mtu wa kusifia ovyo. "Kasoro inazo. Mfuniko wa betri ulikuwa mbovu toka siku ya kwanza, mimi wangu nimeufunga plasta. Bega inalimaliza. Ikinyeshewa inapata mafua wiki nzima. Ila mimi nimesikiliza mioyo ya watoto ambao hawajazaliwa, na nawaambia sauti ya fedha kwenye mashine hii ina uhai. Hiyo ya mwenzetu Betri inakupa namba. Namba hata karani wa benki anakupa."

Betri aliuza simu na chaja sokoni, na mashine yake ilikuwa mpya, nyeusi, nyepesi kama ufagio, yenye kioo kinachowaka. Alikuja kila Jumapili ingawa alitukanwa kila Jumapili, pengine kwa sababu hiyo hiyo.

"Nyie mnalea maiti," alisema. "Yangu inaniambia kabla sijainama: hii sarafu, hii takataka. Kiuno changu kinashukuru."

"Na siku kampuni ikikuzimia?" Kelele akamuuliza.

"Nitanunua nyingine."

"Ndicho wanachotaka hicho."

"Na mimi ndicho ninachotaka. Tumepatana mimi na wao, wewe kinakuwasha nini?"

Hapo Kelele angeanza. Angetoka kwenye mashine akaingia kwenye kiwanda, akatoka kwenye kiwanda akaingia kwenye soko lililobomolewa, kwenye bomba la maji lililoahidiwa, kwenye kila jina na kila siku, maana kichwa chake kilikuwa ghala la maovu ya watu wengine na hakuna kilichowahi kutolewa humo. Shule aliiacha mapema. Alichojua alijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia vitumbua na kwa kufungua vitu vilivyokufa. Jina la Kelele alipewa na askari wa manispaa, naye akalivaa kama nishani.

Yeye ndiye aliyekuwa daktari wa Kijivu zote za mji. Spea haziuzwi, hivyo aliziba, aliunga, aling'oa kwenye redio akapandikiza kwenye Kijivu. Na kulikuwa na dawa moja aliyoigundua mwenyewe. Kijivu ilivyotoka kiwandani ilikuwa ikihangaishwa na chuma. Uwanja ule umejaa misumari, vizibo vya chupa na nyaya, na kila msumari mashine inaung'akia mpaka kichwa kinagonga. Kelele aliunga rezista moja, kipande cha kupunguza umeme, ndogo kama punje ya mchele, nyuma ya swichi ya katikati, na tangu siku hiyo Kijivu ikawa inapita juu ya chuma kama tajiri anavyompita ombaomba, haigeuki, ikaimba kwa shaba, fedha na dhahabu peke yake. Wenzake wote wakamletea zao. Wakaisifu tabia hiyo Jumapili hadi Jumapili, mwisho wakasahau kwamba ni rezista, wakadhani mashine ilizaliwa hivyo. Na msemo wao mkuu, ambao Kinyozi aliutamka mkono kifuani, ulikuwa huu: Kijivu ikinyamaza, hakuna kitu.

Kazi ya ukoo siku ile ilikuwa kwa dada yake.

Dada yake Kelele alikuwa mjane, na kazi yake udobi. Nyuma ya nyumba, uani, kilikuwepo chumba cha kupigia pasi alichokijenga marehemu baba yao kwa mikono yake: mlango unatazama ua, jiko la mkaa mkono wa kulia, na mwishoni kabisa, kwenye ukuta wa nyuma, meza ndefu ya mbao iliyovishwa blanketi. Mashuka ya hoteli mbili na makoti ya zahanati yalipita juu ya meza hiyo. Chumba kikienda, kazi imekwenda. Hotelini hawapeleki mashuka kwa mtu anayepigia pasi chini ya mawingu.

Na chumba kilikuwa kinakwenda. Nyuma yake, baada ya ukanda mwembamba wa majani, lilikuwepo ghala, na mwenye ghala alikuwa anajenga ukuta mpya. Alidai mpaka wake unapita mlangoni mwa chumba, siyo nyuma yake, kwa hiyo chumba kizima kiko kwenye ardhi yake. Dada alisema mpaka uko kule kwenye majani, na baba ndivyo alivyosema siku zote. Ramani ilikuwa na mstari mnene kama kamba ya kuanikia, kila mtu aliusoma alivyopenda. Mpima ardhi aliwaambia wote wawili kwamba yeye anapima kutoka kwenye bikoni, hapimi kutoka kwenye midomo. Bikoni ni nondo fupi inayosimikwa kwenye zege ardhini kuonyesha kona ya kiwanja. Ile ya kona ya mbali ilikuwepo, haina ubishi. Ya kona hii, ya nyuma kwa dada, iliyofukiwa na miaka, haikuonekana. Mpima atakuja mchana. Bikoni isipopatikana, atafuata vipimo vya ghala.

"Usiwe na wasiwasi," Kelele alikuwa amemwambia dada yake usiku uliopita. "Nakuja na watu wangu."

"Watu wako ndio wanaonitia wasiwasi," dada alijibu.

Wakaja. Kinyozi alifunga saluni yake, Nesi alikuja na mwavuli, hata Betri alitokea na mashine yake ya kioo, akasema amepita tu. Wakajipanga kwenye ukanda wa majani bega kwa bega, wakaanza kupitisha sahani kushoto na kulia. Upande wa pili wa mtaro mpya wa msingi, vibarua wa ghala walisimama wakiegemea makoleo. Mashine ya kuchanganyia zege ilizunguka tupu, ikigugumia. Msimamizi wao, mwanamume mnene aliyevaa kofia ngumu hata mahali pasipo na kitu cha kumwangukia, alikaa juu ya rundo la matofali akitafuna kijiti.

Walipita ukanda wote. Wakarudi. Wakapita tena kwa mshazari. Kijivu za Kinyozi na Nesi zilinyamaza, ya Kelele ikaimba mara moja tu, wakachimbua sarafu iliyooza. Kioo cha Betri kilisinzia. Kelele alikuwa anatoka jasho ingawa jua lilikuwa bado changa. Kila alipofika mwisho aligeuka kabla ya wenzake, akawa anawagonga viwiko.

"Taratibu basi," Nesi akamwambia. "Unafukuzwa?"

"Ndiyo, nafukuzwa."

Msimamizi akatema kijiti. "Fundi, mbona kimya? Au vyombo vyenu vimezeeka? Niliambiwa hata kiwandani wamevitupa."

Wala hakuwa na haja ya kusema zaidi. Kelele aliweza kuvumilia kutukanwa yeye, duka lake, hata kaburi la mzazi wake, lakini siyo Kijivu. Alinyoosha mgongo, akavua hedifoni, akasema kwa sauti ile aliyoitumia sokoni mbele ya tingatinga:

"Sikiliza wewe. Hii haijawahi kudanganya. Hii ikinyamaza, hakuna kitu. Umenielewa? Ingekuwepo hata ncha ya sindano, ingesema."

Msimamizi alishuka kwenye matofali polepole. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeletewa chakula kitandani.

"Rudia hapo mwisho," alisema. "Vijana, mmesikia? Fundi anasema hakuna." Akatoa simu, akageuka pembeni kuongea na mwenye ghala. "Ndiyo mzee. Wenyewe wametafuta na mashine zao, na wenyewe wamekiri bikoni haipo. Ndiyo. Mbele ya mashahidi."

Kinyozi alitazama viatu vyake. Betri akakohoa. Dada alikuwa amesimama kwenye kona ya chumba, shuka lililokunjwa nusu mikononi, na hakumalizia kulikunja.

"Umesema nini?" alimuuliza mdogo wake.

"Dada, nilikuwa najibu—"

"Nakuuliza umesema nini. Maana nilikuita unitafutie nondo, sikukuita uwe wakili wao."

Kelele aliwapa kisogo. Akaanza kutembea. Hakuweza kusimama, miguu ilimwasha. Alizunguka ua, akapita chini ya kamba za nguo, akarudi, Kijivu mkononi ikiendelea kupepea kushoto na kulia kwa mazoea. Mashuka yalimpiga usoni. Alikuwa anatafuta la kusema, na wa kumwambia, na mwenye kosa. Kichwani akapekua ghala lake lote la watu waovu, na kila aliyemshika hakuhusika.

Ndipo sahani ikapita juu ya kigingi cha kamba.

Kilikuwa kipande cha bomba la chuma, kinene kama kifundo cha mkono, baba yao alikigongelea pale ardhini kushikilia kamba za nguo. Kimesimama wazi, kichwa juu, mtu anajikwaa. Sahani ilipita kando yake karibu kabisa ya kugusa. Hedifoni zilikaa kimya. Kelele akasimama. Akapitisha tena. Kimya. Akaigongesha sahani kwenye bomba lenyewe, ngo, na sauti hiyo aliisikia kwa masikio yake ya kuzaliwa, siyo kwa Kijivu.

Akaita bila kugeuka:

"Nesi. Lete yako hapa."

Nesi akaleta. Kimya. Kinyozi akaleta yake. Kimya. Wakatazamana kama watu waliogundua mwizi anakula nao.

"Rezista," Kelele akasema.

"Rezista gani?" Kinyozi akauliza.

"Yangu. Niliyowafungia wote. Tunatafuta chuma kwa mashine niliyoifundisha kudharau chuma."

Nesi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakucheka, ila mabega yalitikisika kidogo. "Na tumezisifu," alisema. "Tumezisifu kwa jambo hilo hilo."

Betri akaona nafasi yake ya kuwacheka. "Jamani, mnaonaje sasa, maiti na—"

"Pitisha yako," Kelele akamkatiza.

Betri akapitisha. Kioo kilisinzia. Akakigonga kwa kucha, akafungua orodha ya mipangilio, akasoma midomo ikichezacheza, na masikio yake yakabadilika rangi. "Imekuja hivi toka kwenye boksi," alisema kwa sauti ndogo. "Chuma wamekiandika takataka."

"Iondolee hiyo amri."

Akaiondolea. Na hapo mashine mpya ikashikwa na kichaa. Ardhi ile, kabla ya ghala, ilikuwa gereji. Palikuwa na nati, misumari, vipande vya springi na makopo toka enzi. Kioo kilirusha namba huku na huku, mashine ikalia pi-pi-pi bila kuvuta pumzi, na kila mahali palikuwa sawa na kila mahali pengine. Kwa macho yake ya namba, msumari na nondo vilikuwa ndugu pacha.

"Haitenganishi," Betri akakiri. "Inaviona, ila haitenganishi."

"Kijivu ilitenganisha," Kelele akasema. "Kabla sijaifunga. Msumari ulitoa mkwaruzo mfupi. Kitu kirefu kilichosimama kilivuma. Naikumbuka." Alikuwa tayari amepiga magoti, anafungua skrubu za kisanduku kwa ncha ya kisu cha dada. "Dada, pasi yako ndogo ina moto?"

"Unataka kupiga pasi saa hizi?"

"Nataka ncha ya kitu cha moto."

Dada alimtazama, akaingia ndani, akatoka na msumari mrefu ameushika kwa koleo la mkaa, mwekundu. Kelele alikwisha kufungua. Bodi ya Kijivu ilikuwa ya zamani, rangi ya kahawia, mistari yake ya shaba imekauka kama ngozi ya mzee. Nesi aliinama juu yake.

"Ikivunjika?"

"Haiundwi tena."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

"Na mimi ndiyo maana sikujibu."

Aligusa kiungo kwa ncha ya moto. Risasi ya kuungia ikayeyuka, ikang'aa. Akavuta rezista kwa kucha mbili. Ikaja, na pamoja nayo ukaja uzi wa shaba wa bodi wenyewe, ukabanduka kama ganda la kitunguu. Kinyozi alishika kichwa. Kelele akafunga kisanduku kwa skrubu moja, akawasha.

Kijivu ilinguruma. Swichi ya katikati alipoizungusha haikubadilisha chochote. Ilikuwa imekufa hapo, na mashine sasa ilisikia kila kitu, haikuwa na namna ya kutosikia. Alivaa hedifoni, uso ukamkunjamana kama mtu aliyefunguliwa mlango wa kiwanda.

Msimamizi alikuwa amesogea. "Fundi, mlishakiri. Mpima yuko njiani."

"Mwache," dada akasema. "Kwani anakuchimbia wewe?"

Kelele alirudi kwenye majani. Alikwenda polepole sasa. Ile haraka yote ilikuwa imehamia masikioni. Mkwaruzo, mkwaruzo, mkwaruzo. Misumari. Kizibo. Kitu bapa, labda kopo. Alipita ukanda wote mpaka kwenye mtaro wa ghala, na pote palikwaruza, na hakuna palipovuma. Akarudi akiambaa na ukuta wa chumba. Na hapo, karibu na ukuta, kwa mbali sana, chini ya mikwaruzo yote, akasikia mvumo. Mrefu, wa chini, kama mtu anayeimba amefunga mdomo.

Akageuza sahani kuelekea kwenye majani. Ukafifia. Akaigeuza kuelekea ukutani. Ukakua.

Alizunguka chumba bila kuangalia mtu, akafika mlangoni, akamwambia dada atoe jiko, pasi na koleo. Dada alivitoa. Kelele aliingia. Mlangoni, mikwaruzo. Katikati ya chumba mvumo ukapanda, ukajaa, ukafanya meno yamtetemeke. Hatua moja zaidi, mezani, ukaanza kushuka. Akarudi nyuma. Hapo. Katikati, chini ya sakafu ya saruji aliyoimwaga baba yake, mbele kidogo ya meza ndefu.

Baba yao alisema bikoni iko nje kwenye majani. Alilisema hilo kwa miaka, akinyoosha kidole, na Kelele amelirudia kwenye mikutano, sokoni, kwa mwenye kusikia na asiyesikia: sisi hatujawahi kuchukua cha mtu. Na baba alikuwa amejenga juu ya bikoni. Alisogea nusu ya chumba ndani ya ardhi ya jirani, bikoni akaifunika kwa saruji, akanyoosha kidole kwenye majani.

Hedifoni zilikuwa masikioni mwake peke yake. Mlangoni walikuwa wamejaa: dada, Nesi, Kinyozi, Betri akichungulia juu ya mabega, na nyuma yao kofia ngumu ya msimamizi.

"Vipi fundi?" msimamizi akauliza. "Bado hakuna, eti?"

Mvumo ulimjaa kichwani, na pamoja nao yakaja mawazo kwa kasi, yanakanyagana. Akisema hakuna, chumba chote kinavunjwa; lakini jina la baba linabaki safi, na yeye anabaki na kesi. Kesi nzuri kabisa. Ghala limemnyang'anya mjane dobi chumba cha pasi. Angeweza kuipigia kelele kesi hiyo mpaka anazeeka, kila Jumapili, na kila neno lingewauma waliostahili kuumwa. Aliijua ladha yake. Aliionja pale pale, ulimini, na aliona aibu jinsi ilivyokuwa tamu.

Akisema ipo, hakuna kesi. Kuna nusu ya chumba.

Akamtazama dada yake. Dada hakuwa anaangalia mashine. Alikuwa anaangalia mlango, jiko lilipokuwa, ukuta wa kulia, kisha meza, kama mtu anayepima kitambaa kisichotosha. Alikuwa ameshaelewa. Alikuwa anakikata chumba kichwani.

Kelele aling'oa waya wa hedifoni.

Mvumo ulitoka kwenye spika ya Kijivu ukajaza chumba, mzito, wa kukwaruza kingo, na bati la paa likauitikia. Kinyozi alirudi nyuma hatua. Nesi alifumba macho, kama alivyokuwa akifanya wodini.

"Iko hapa," Kelele akasema. Ilimbidi apaze sauti kuishinda mashine. "Chini ya hapa. Siyo kwenye majani. Na siyo mlangoni."

Msimamizi alisita. Hesabu ilimpita usoni waziwazi: alikuja kuchukua chumba kizima kwa kimya, na sasa anapewa nusu kwa sauti. "Hiyo inaweza kuwa nondo yoyote," alisema. "Watu wanafukia vitu."

"Basi mtu azime hiyo mashine ya zege, alete mtaimbo," Nesi akamjibu. "Ikiwa nondo yoyote, utaona. Ikiwa imezungushiwa zege kama bikoni, utaona pia. Na mpima anaona na sisi."

Mtaimbo uliletwa na kibarua, msimamizi akimtazama vibaya. Kelele alipiga mwenyewe. Saruji ya baba yake ilikuwa ngumu. Baba hakuwa mtu wa kuchanganya mchanga mwingi. Ilipopasuka walitoa vipande kwa mikono, wakafika kwenye udongo mweusi, kisha kwenye duara la zege la zamani, na katikati yake kichwa cha nondo, chekundu kwa kutu. Kijivu, iliyolazwa kando, iliendelea kuvuma peke yake mpaka Betri alipoinama akaizima.

"Swichi ya kati haifanyi kazi," Betri akasema.

"Najua."

"Jumapili itakutia kichaa uwanjani. Misumari yote ile."

"Nilijua ninafanya nini," Kelele akasema, ingawa alikuwa anatembea tena, kutoka kwenye shimo hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye shimo.

Nje gari lilisimama, mlango wake ukabamizwa. Mpima ardhi. Msimamizi akatoka kumwahi, anavua kofia na kuivaa tena, maneno yake ya mwanzo yalishasikika kabla hajafika getini: kwamba kumbe imepatikana, kwamba yeye siku zote alisema itafutwe.

"Unamsikia?" Kelele akasema. "Unamsikia huyo? Naenda kumwambia mpima alivyosema kwenye simu. Mbele ya mashahidi. Nina kila neno."

"Utakwenda baadaye," dada alimjibu. Alikuwa ameshatoa blanketi juu ya meza, amelitupia begani, na ameshika pembe moja ya mbao kwa mikono miwili. "Mstari unapita hapo kwenye shimo. Meza hii haitalala hivi tena, inabidi isimame kwa marefu, ikae na ukuta wa jiko. Nitapiga shuka moja pale nilipokuwa napiga mawili. Lakini mlango ni wangu na jiko ni langu."

"Dada, baba—"

"Baba nitaongea naye mimi. Mashuka ya hoteli yanatakiwa jioni. Shika upande huo, na usiburuze, utaivunja miguu."

Kelele alishika.